Fire Emblem kwa mtu wa Kanyosha: uanzie gemu ipi?

*Mfululizo huu wa Kijapani una miaka zaidi ya 30 na gemu kuu 17. Washauri wa wapi pa kuanzia hawana idadi, ila karibu wote wanamshauri mtu ambaye umeme wake haukatiki.*

BUJUMBURA — Umeme ulikatika dakika ya 70, Barcelona ikiongoza mabao mawili kwa moja. Chumba kizima kikapiga ukelele.

Ni kibanda cha mabati kando ya barabara ya Rumonge, hapa Kanyosha: televisheni chache, PlayStation za zamani, pedi zilizofungwa kwa utepe mweusi. Sheria ya kibanda inajulikana. Umeme ukikatika, mechi imekufa. Mwenye kibanda harudishi pesa, na aliyekuwa anaongoza harudishiwi mabao yake.

Mvulana mmoja tu hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi juu ya kreti tupu ya bia ya Primus, mkononi simu yenye kioo kilichopasuka, akimsogeza mpanda farasi mdogo kuelekea daraja. Betri ilikuwa imebaki kidogo sana. Nilipomuuliza kama haogopi simu kuzimika katikati ya vita, alinijibu kwa heshima lakini bila kuniangalia: hata ikizimika sasa hivi, akiiwasha kesho atamkuta farasi palepale.

Lililokuwa likimsumbua ni jambo lingine. Gemu hiyo, Fire Emblem, alipewa na binamu yake. Baadaye ndipo akajua kuwa zipo nyingine kumi na sita, na kila aliyemuuliza alimwambia kuwa alipoanzia sipo.

Nilipomsimulia mhariri kisa hiki, akanirudisha nacho kazini. Mtu wa huku akitaka kuanza Fire Emblem, aanze na ipi? Nilidhani ni jambo la aya tatu.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiyepajua, Kanyosha iko kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara kuu namba 3 inayofuata Ziwa Tanganyika kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja ziwa, upande mwingine vilima, na mto unaoitwa Kanyosha ambao masika yakikolea hula kingo zake. Umeme wa Regideso, shirika la umeme la nchi, huja na kuondoka. Katika nyumba nyingi simu ya Android ndiyo kompyuta, ndiyo redio, ndiyo tochi. Gemu ya mtu wa huku haina budi kuingia humo, au kwenye kifaa kingine kinachoishi kwa betri.

Kila mara bara jipya

Fire Emblem ya kwanza ilitoka Japani tarehe 20 Aprili 1990 kwenye mashine ya Famicom ya Nintendo. Iliundwa na studio ya Intelligent Systems, kiongozi wa ubunifu akiwa Shouzou Kaga. Studio hiyo ilikuwa imeshatengeneza Famicom Wars mwaka 1988, gemu ya vifaru na vikosi visivyo na majina. Kaga aliuchukua uwanja ule wa miraba akawapa askari majina, sura, ndugu na visasi.

Uchezaji wake ni wa zamu. Unawasogeza watu wako mmoja mmoja, ukimaliza adui anasogeza wake. Upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, mkuki hushinda upanga. Kanuni hiyo iliingia mwaka 1996 katika Genealogy of the Holy War na ndiyo alama ya mfululizo hadi leo. Mpiga upinde huwaangusha wanaopaa. Mwenye farasi hufika mbali, ila msituni hukwama. Hakuna mbio za vidole. Unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, adui bado anakungoja.

Kwa miaka 13 mfululizo huu haukuvuka mipaka ya Japani. Wachezaji wa nje waliwajua mashujaa wake kwa mlango wa nyuma: Marth na Roy walitokea mwaka 2001 katika Super Smash Bros. Melee, gemu ya kupigana, na watu wakaanza kuuliza hawa ni akina nani. Mwaka 2003 Nintendo ikatoa ya kwanza kwa Kiingereza. Kwa Wajapani ilikuwa ya saba. Nje iliuzwa kwa jina tupu la Fire Emblem, na siku hizi huitwa The Blazing Blade, kutofautisha.

Kwa hiyo ya kwanza ya Mjapani siyo ya kwanza ya Mmarekani wala ya Mfaransa, na ugomvi wa pa kuanzia umezaliwa hapo.

Ugomvi ungekuwa mkubwa zaidi kama gemu zote zingekuwa hadithi moja. Bahati nzuri siyo. Kila gemu, au kila jozi ya gemu, ina bara lake, wafalme wake na dini yake. Ukiisha kuhama Archanea ya Marth ukaenda Elibe ya Roy, hudaiwi kumbukumbu yoyote. Yapo ya kuangalia: Mystery of the Emblem ya 1994 inaendeleza ya kwanza, Thracia 776 inaingia katikati ya matukio ya Genealogy, Radiant Dawn ya 2007 haieleweki vizuri kama hukucheza Path of Radiance ya 2005. The Blazing Blade nayo inasimulia habari za miaka ya nyuma, wakati baba yake Roy alipokuwa kijana, ingawa gemu ya Roy mwenyewe ilitangulia kutoka, mwaka 2002. Nje ya hayo, mlango wowote uko wazi.

Akifa, amekufa

Kabla ya kutaja milango, mgeni aambiwe jambo moja linalowatisha wengi.

Katika Fire Emblem za zamani askari akifa harudi. Mpiga upinde uliyemlea tangu sura ya pili, mwenye mama anayemwandikia barua, akichomwa mkuki kwa sababu ulimwacha hatua moja mbele ya wenzake, humwoni tena hadi mwisho. Kaga alitaka mchezaji amwonee uchungu kila mtu wake. Matokeo yake nusu ya wachezaji huwa waangalifu kupita kiasi, na nusu nyingine huzima mashine kwa hasira na kuianza sura upya.

Mwaka 2010 New Mystery of the Emblem, ambayo haikuuzwa nje ya Japani, ilileta mtindo laini: aliyeanguka anarudi sura inayofuata. Miaka miwili baadaye ikaja Awakening. Wakati huo mauzo yalikuwa yameshuka mno, na waundaji walikuwa wameambiwa kwamba gemu isipofikisha nakala 250,000, mfululizo unafungwa. Waliingiza ndani yake kila walichokipenda, wakijua huenda ni ya mwisho. Ilipita nakala milioni mbili.

Tangu hapo gemu kuu huuliza mwanzoni kabisa: mtindo mkali au laini? Wakongwe humcheka anayechagua laini. Mimi siwaungi mkono. Mtu mwenye kazi, mwenye watoto, anayecheza nusu saa kabla ya kulala, haoni fahari ya kurudia sura nzima kwa ajili ya mchawi mmoja. Ila kuna kitu hupotea, na kijana anayeanza na laini aambiwe kipo.

*Mpiga upinde uliyemlea tangu sura ya pili humwoni tena hadi mwisho.*

Wanaosema anza mwanzo

Kundi la kwanza la washauri lina hoja nyepesi: kitabu husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kwa Fire Emblem ushauri huu ni mgumu kuliko unavyosikika. Ile ya 1990 ilipata Kiingereza rasmi Desemba 2020, kwa ajili ya miaka 30 ya mfululizo, kwenye mashine ya Switch. Nintendo iliiuza hadi Machi 2021, kisha ikaiondoa dukani. Aliyechelewa imempita. Ipo iliyojengwa upya, Shadow Dragon ya Nintendo DS, ya 2008, nayo ni kavu: watu wengi, maneno machache.

Genealogy na Thracia 776 hazikupata tafsiri rasmi. Wapenzi wa gemu wamezitafsiri wenyewe kwa Kiingereza, kazi ya miaka, bila malipo. Genealogy inastahili sifa zake: Sigurd anapigana nusu ya hadithi, kisha watoto wa kizazi chake wanaibeba nusu ya pili. Lakini ramani zake ni kubwa ajabu, sura moja hula jioni nzima. Thracia, ya 1999, ni kali kama pilipili kichaa. Ilitoka kwenye Super Famicom wakati Nintendo 64 ilikuwa na miaka mitatu sokoni, kwa watu waliokuwa wameshamaliza zote nne zilizotangulia. Mwaka huohuo Kaga aliacha kazi. Gemu aliyoifanya baadaye kwa PlayStation, Tear Ring Saga ya 2001, ilifanana na Fire Emblem kiasi kwamba Nintendo ilikwenda mahakamani.

Anayemwambia mgeni aanze na Thracia hampendi mgeni huyo.

Wanaosema anza na mpya

Kundi la pili ndilo kubwa, na nje ya Afrika lina haki. Linasema: chukua Switch, nunua Three Houses.

Three Houses ilitoka tarehe 26 Julai 2019, na imeuzwa zaidi ya nakala milioni nne. Wewe ni mwalimu katika chuo kilicho ndani ya monasteri ya Garreg Mach. Wanafunzi wamegawanywa katika nyumba tatu kulingana na nchi walizotoka: dola, ufalme na muungano. Unachagua nyumba moja, unaifundisha, unakunywa nayo chai, unajua nani anamwogopa baba yake. Inapita miaka mitano tu, kisha wanafunzi walewale wanakutana vitani. Uwanja wa Gronder, ambako nyumba tatu zilishindana kwa mazoezi na vicheko, unakuwa uwanja wa kuuana kweli.

Sijui kama waundaji wake walimfikiria mchezaji wa Burundi. Hapa shule, mgawanyo na vita vikitajwa kwa pumzi moja, kila mtu mzima anakumbuka Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini waliuawa.

Silitaji hili ili kumtisha mtu na gemu ya Kijapani yenye nywele za zambarau. Nalitaja kwa sababu mtu anayekushauri uanze na Three Houses huisifu kwa kukulazimisha kumuua mwanafunzi wako wa zamani, kana kwamba jambo hilo lina ladha moja kila mahali. Wazazi wa hapa walioyaona wanaweza kutaka kukaa kando ya kijana wao anapofika Gronder. Nadhani ni gemu nzuri kwao kuicheza pamoja, ila siyo ya kumwachia mtoto wa miaka 11 kama mlango wa kwanza.

Kisha kuna hesabu. Three Houses inahitaji Switch, na faili lake linazidi gigabaiti 10. Kwa anayenunua bando la siku, hiyo siyo bei ya gemu, ni bei ya mwezi. Burundi nayo haina duka lake rasmi la mtandaoni la Nintendo. Wanaonunua hutumia akaunti ya nchi nyingine na kadi ya ndugu aliye ughaibuni.

Engage, ya tarehe 20 Januari 2023, ina vita vitamu kuliko Three Houses, na hadithi ambayo utaisahau ukiwa bado unaicheza. Imejaa mashujaa wa gemu za zamani waliofungwa ndani ya pete. Kwa aliyewajua ni sherehe. Kwa mgeni ni majina.

Ya bure, kwa mdomo

Wapo wanaosema: kwa nini kuhangaika? Fire Emblem Heroes ni ya simu, na kuipakua ni bure.

Ilianza tarehe 2 Februari 2017. Uwanja ni mdogo, miraba sita kwa minane, vita vya dakika mbili tatu. Kama njia ya kujifunza upanga, mkuki na shoka, haina ubaya. Tatizo ni jinsi unavyowapata watu wako. Huwalei, unawapata kwa droo. Unakusanya vito, unavitoa, bahati inakupa shujaa. Droo za kawaida za mwanzo zilimpa mchezaji nafasi ya asilimia 3 kumpata shujaa anayetangazwa. Vito vikikuishia, pesa halisi inakubaliwa.

Mtu anayeishi karibu na vibanda vya kubeti anaitambua harufu hiyo mara moja. Wabelgiji waliitambua pia: baada ya wasimamizi wa kamari wa nchi hiyo kuamua kuwa masanduku ya bahati katika gemu ni kamari, Nintendo iliizima Heroes nchini Ubelgiji tarehe 27 Agosti 2019. Warundi wengi wana shangazi au kaka Brussels. Wakiuliza huko, wataambiwa gemu hiyo haipo.

Zaidi ya hayo, Heroes haifanyi kazi bila intaneti. Lengo langu ni mtu wa betri iliyobaki kidogo na bando lililokwisha. Huyo Heroes inamtupa nje.

Kifaransa ndicho mtaji

Kuna jambo ambalo washauri wa Kimarekani hawalisemi, kwa sababu haliwahusu. Fire Emblem ni maneno. Kabla ya kila vita watu wanazungumza, baada ya vita wanazungumza, na wawili wakisimama jirani mara kadhaa wanaanza kuambiana siri. Asiyeyafuata anabaki na miraba.

Hakuna Fire Emblem ya Kiswahili, wala ya Kirundi. Mtoto wa Kanyosha ana Kirundi cha nyumbani, Kiswahili cha soko na kituo cha basi, na Kifaransa cha daftari. Kiingereza kiliongezwa kwenye lugha rasmi za nchi mwaka 2014, lakini wengi bado wanakisoma kwa kuhema. Mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi yuko kinyume chake.

Hapo chaguo linabadilika kabisa. The Blazing Blade ilipofika Ulaya mwaka 2004 iliuzwa katika kaseti za aina mbili: moja yenye Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, nyingine yenye Kiingereza, Kihispania na Kiitaliano. The Sacred Stones, iliyofika Ulaya mwaka 2005, ina lugha zote tano katika kaseti moja. Binamu aliyemletea yule mvulana toleo la Kimarekani alimletea Kiingereza kitupu, na kumbe gemu hiyohiyo iko katika lugha anayofanyia mtihani.

*Asiyeyafuata mazungumzo anabaki na miraba.*

Mwalimu mmoja wa Kifaransa niliyemweleza haya aliniuliza kama maneno yake ni ya adabu. Ni ya adabu, hata kupita kiasi: mashujaa wa Elibe wanaongea kama mabaroni, na mwanafunzi atakutana na njeo za vitenzi ambazo mtaani hazijawahi kusikika.

Mfuko, sheria na kaseti

Gemu za Game Boy Advance, mashine ya Nintendo ambayo hizo mbili ziliundiwa, ni ndogo. The Blazing Blade nzima ni megabaiti 16, chini ya video moja ya harusi inayotumwa WhatsApp. Ndiyo maana zimeenea simu hadi simu, zikichezwa kwa programu inayoiga mashine ya zamani. Na ndiyo maana yule mvulana anayo.

Hapa pana pande mbili, na zote mbili zina sauti. Sheria ya hakimiliki ya Burundi ya tarehe 30 Desemba 2005 inalinda kazi za ubunifu, na kunakili gemu usiyoinunua ni kuchukua cha mtu. Nintendo haina mzaha: Machi 2024 waundaji wa Yuzu, programu iliyoiga Switch, walikubali kuilipa dola milioni 2.4. Upande wa pili wanauliza unamwibia nani ikiwa kampuni yenyewe haikuuzii. Ni swali zuri, ila halibadilishi sheria.

Ipo njia safi, na siyo ya matajiri. Nintendo DS ya kwanza na DS Lite zina tundu la pili, chini, linalopokea kaseti za Game Boy Advance, na hazibagui kaseti ya Ulaya na ya Marekani. DS Lite iliyotumika ni kifaa kidogo, kinachokunjwa, kinachoingia kwenye begi la ndugu anayekuja likizo kutoka Brussels au Lyon. Betri yake inavumilia siku ya Regideso vizuri kuliko simu yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Ndugu huyo aonywe juu ya kaseti bandia. Zimejaa, zinang'aa kuliko halali, na nyingi zinasahau: unacheza wiki mbili, siku moja unawasha, hakuna kitu. Halali nazo zina betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, nyingine zimeshazeeka. Fundi mzuri wa saa anaweza kuibadilisha. Wenye Switch wana njia nyingine: The Blazing Blade iliingizwa katika huduma ya kulipia ya Nintendo Switch Online mwezi Juni 2023.

Basi anza na Lyn

Jibu langu ni The Blazing Blade, toleo la Ulaya, kwa Kifaransa. Yule mvulana alianza mahali pazuri, ila kwa lugha ya kukopa.

Sababu ya kwanza ni ile aliyonipa mwenyewe bila kujua. Gemu za Fire Emblem za Game Boy Advance zinajiandika baada ya kila hatua. Zilifanya hivyo kumzuia mdanganyifu anayezima mashine kila anapopigwa, asirudishe wakati nyuma. Studio ya Kyoto ilikuwa ikipambana na wadanganyifu, ikawatengenezea watu wa Kanyosha gemu isiyojali umeme.

Ya pili ni jinsi inavyofundisha. Inafunguliwa kwenye nyika za Sacae. Lyn, msichana wa kabila la Lorca ambalo majambazi wamelimaliza, anamkuta mtu amezimia nyikani. Mtu huyo ni wewe, na kazi yako ni kumshauri. Anakupa hema la kulala, na kabla jua halijazama majambazi wawili wanatokea. Gemu inakushika mkono: bonyeza hapa, sogea pale, piga. Ukijaribu kwingine inakukatalia. Wajuzi huchukia kushikwa hivi, na kweli kunaudhi. Lakini wazee wa bao hawakuona haya kufanya hivyo. Zanzibar mgeni hatupwi kwenye bao la kiswahili na namua yake, nyumba yake na kete 22 za akiba. Anapewa bao la kujifunza: kete 64 zote zimeshapangwa mbili mbili katika mashimo 32, mnaanza. Hakuna anayemwambia kuwa hakucheza bao.

Ya tatu ni kwamba inamhurumia anayeanza bila kumwambia. Skrini ikionyesha una asilimia 90 ya kumpata adui, ukweli ni kama 98. Mashine huokota namba mbili za bahati na kuchukua wastani wake, hivyo lenye uwezekano mkubwa linakaribia kuwa hakika, na dogo linakaribia kuwa muhali. Adui mwenye asilimia 10 ya kukupata ana kama 2. Bado, siku moja hiyo 2 itamwangukia mtu unayempenda, na kwa kuwa hapa hakuna mtindo laini, ndipo utakapojua kwa nini watu wanagombana juu ya jambo hili.

Asiyetaka ukali huo kabisa aanze na The Sacred Stones. Ni nyepesi, ina ramani ya kutembea huku na huko, na watu dhaifu unaweza kuwapeleka kwenye mnara wa Valni wakapigane hadi wanenepe. Lawama yake ni hiyohiyo: ukinenepesha vya kutosha, mkakati hauhitajiki tena. Mwenye Switch tayari, mtu mzima, mwenye intaneti ya kuaminika, achukue Three Houses na asinisikilize.

Kwa wengine, hadithi ya Lyn ina utangulizi na sura kumi, kisha ndipo gemu kubwa ya Eliwood na Hector inaanza. Jipe hizo kumi. Zitakupitisha kwa Kent na Sain, wapanda farasi wawili wanaomfuata Lyn kumpeleka kwa babu yake asiyemjua, hadi Caelin. Ukifika kwenye ngome ya Caelin na bado unapiga miayo, mpe mwenzako kaseti.